Ng'ombe Bila Ngozi

Kinyangiri,
11 Oktoba 2024

Kwa mdogo wangu Filipo,

Pokea salamu zangu na za shemeji yako Chediel. Uzima tunao, ila huu mgongo wangu tangu mavuno ya mtama unanikumbusha umri kila asubuhi. Wewe je? Kile kikohozi cha vumbi la barabarani kimekuachia? Kunywa maziwa, na usiniambie Mkiwa hakuna maziwa, najua yapo.

Naandika kwa kalamu kwa sababu kwenye simu tukigusa tu habari ya ng'ombe wewe unapandisha sauti, nami napandisha, mwisho mmoja anamkatia mwenzake. Karatasi itanivumilia mpaka nimalize.

Yule jike wako wa kijivu amekufa. Jumatatu asubuhi alitoka na wenzake vizuri, jioni hakurudi. Chediel alimkuta karibu na lambo amelala ubavu, tumbo limejaa, damu nyeusi inamtoka puani na nyuma, na damu yenyewe haigandi. Bwana mifugo wa kata, kijana mmoja anaitwa Elisha, alifika na pikipiki kabla hatujamgusa. Akasema hiki ni kimeta. Asichunwe, asipasuliwe, asiliwe. Anasema ukimpasua ndipo ugonjwa unapotoka na kuingia kwenye udongo, na ukishaingia humo unakaa miaka mingi ukingoja ng'ombe mwingine, au mtu. Wakachimba shimo refu kuliko Chediel, wakamfukia mzima mzima na ngozi yake, wakamwagia chokaa.

Nalijua litakalokukera. Desturi yetu naijua kabla hujazaliwa. Ng'ombe wa kukabidhiwa akifa, aliyemchunga anampelekea mwenyewe ngozi, sikio lenye alama likiwa juu yake, ndipo mwenyewe anajua kwamba amekufa kweli na hakuuzwa. Safari hii ngozi haipo. Elisha ameandika karatasi na kuigonga mhuri, nimeikunja humu ndani. Wako wanne waliobaki wamechanjwa, isipokuwa maksai mwekundu, maana siku ya chanjo alikuwa kwenye mkokoteni anabeba matofali ya shule. Elisha amesema atarudi kwa ajili yake.

Pole sana, mdogo wangu. Najua ng'ombe mmoja kwako ni matairi mangapi.

Mimi dada yako,
Selina


Mkiwa,
19 Oktoba 2024

Dada Selina,

Shikamoo. Na shemeji mpe shikamoo yangu. Mimi sijambo, kikohozi kimepungua. Kazi ya pancha inakwenda, malori hayakosi misumari. Mgongo wako usiubebeshe ndoo, tafuta mtu akuchotee maji.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Dada, usinielewe vibaya, nauliza tu kama mwenye mali. Mwaka juzi mtamba wangu aliliwa na fisi. Ngozi haikuwepo, mkasema fisi hasazi, nikanyamaza. Mwaka huu jike wa kijivu, tena mwenye mimba, naye kafa bila ngozi. Ng'ombe wa shemeji ni saba. Wanalala zizi moja na wangu, wanakunywa lambo moja na wangu, na wote saba wazima. Huo ugonjwa umejifunzia wapi kusoma alama za masikio?

Karatasi ya bwana mifugo nimeiona. Mhuri hata hapa njia panda unachongwa, unasubiri huku unakunywa chai.

Halafu kuna mtu wa huko kwetu alisimama hapa kujaza upepo, sitamtaja jina. Akaniambia aliona jike wa kijivu akishushwa mnadani wiki ileile. Mimi sikumuuliza, alianza mwenyewe. Lisemwalo lipo, dada, na kama halipo laja.

Sisemi ni wewe. Mama alipofariki wewe ndiye uliyenishika mkono ukaenda nami kwa mumeo, sitasahau. Lakini wewe hukai zizini. Anayekaa zizini ni mwingine, na wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nimekaa kando ya hii lami miaka kumi na miwili ili nifikishe ng'ombe kumi, nifunge kijiwe, nirudi nyumbani nikae kama watu. Kila nikikaribia, mmoja anakufa na hana ngozi. Ungekuwa mimi ungefikiri nini?

Barua hii naomba uisome peke yako.

Mdogo wako,
Filipo


Kinyangiri,
2 Novemba 2024

Filipo,

Hujambo. Sisi tupo.

Uliandika nisome peke yangu. Sasa sikiliza jinsi ilivyosomwa. Deo kondakta alishuka nayo kwenye basi akanipa mbele ya Chediel. Unajua mume wangu hakusoma, na miaka yote barua zako namsomea mimi, yeye ameketi kwenye kigoda chake anacheka peke yake ukitaja malori. Nikaanza. Nilipofika kwenye habari ya fisi nikaruka. Akaniambia, "Macho yako yamekwenda mbali kuliko mdomo. Rudi ulipoacha." Nikarudi. Nikasoma yote mpaka hiyo nguo yako yenye kula watu. Alitoka akaenda kuangalia ng'ombe ambao alikuwa ametoka kuwaangalia, na ugali wa siku ile walikula kuku.

Ulikuwa na miaka tisa nilipoingia nawe kwenye nyumba hii. Mwanaume mwingine angesema, mimi nimeoa mke, mdogo wake sikumtolea mahari. Chediel alikukatia fimbo ya kuchungia, fupi, ya kimo chako, na kila ulipokua alikukatia nyingine. Nakukumbusha tu, maana naona huko Mkiwa upepo mnaojaza kwenye matairi mwingine umeingia kichwani.

Huyo mtu wako muulize ni mnada gani aliouona, maana mnada umefungwa tangu siku ile ng'ombe wako alipokufa. Tuko karantini. Hata mbuzi hapiti. Na kama unadhani ugonjwa unachagua ng'ombe wako tu, kwa Paskali, jirani yetu wa huku bondeni, ndama wao alikufa wakamla. Paskali na mkewe wako zahanati mpaka leo. Ng'ombe wa Chediel ni wazima kwa sababu walichanjwa mwaka jana kwa hela yake, na wako wote ulikataa mwenyewe kwa mdomo wako kwenye simu, ukasema chanjo inatoa mimba. Hilo umelisahau, au ulikuwa chini ya lori hukusikia?

Njoo. Deo atakupakia, nimeshamwambia. Njoo uone kaburi la ng'ombe wako kwa macho yako, usilifukue tu.

Dada yako,
Selina


Mkiwa,
10 Novemba 2024

Dada,

Shikamoo. Natumaini mgongo umetulia. Huku ni joto tu.

Naomba radhi kama maneno yalimfikia asiyetakiwa kuyasikia. Naomba radhi kwa hilo tu. Ni kweli nilikataa chanjo, kila mtu hapa anasema ile sindano ndiyo inayoleta huo ugonjwa wenyewe. Na mnada kufungwa si hoja. Ukiufunga wa mchana watu wanauzia porini, mimi nimeishi barabarani, najua magari yanayopita bila taa yanabeba nini.

Nimekaa na wazee wa kwetu waliohamia hapa. Niliwauliza bila kutaja nyumba ya mtu. Wote walisema neno moja: ng'ombe bila ngozi hajafa, amehama. Mmoja akaniambia kuna mahali wanafukia watu wakitazama, wakishaondoka wanafukua, na bwana mifugo ana fungu lake. Sasa dada, huyo Elisha mnayemwita kijana, anakula wapi akija huko? Si anakula kwako?

Kuja siwezi. Nikifunga kijiwe siku tatu mtu mwingine anaweka jeki yake hapa na sitamtoa.

Kuanzia sasa sitaki karatasi. Ng'ombe wangu yeyote akifa nataka ngozi, na sikio likiwa juu yake. Ngozi isipokuja nitamtuma mtu Desemba awahamishe wote, niwakabidhi kwa asiye ndugu, maana asiye ndugu naweza kumshitaki. Na hii msomee shemeji, usiruke.

Mdogo wako,
Filipo


Kinyangiri,
21 Novemba 2024

Filipo,

Hujambo. Salamu ndefu leo sina.

Maksai mwekundu amekufa juzi Jumanne. Sindano yake ilikuwa ije wiki hiyohiyo. Chediel alimkuta zizini kumeanza kupambazuka, damu puani kama mwenzake. Nikasema ngoja nimpigie Elisha. Akasema, "Ukimpigia atamfukia." Akaingia ndani akatoka na kisu.

Nilisimama kwenye mlango wa zizi. Miaka ishirini na minne nimeolewa na mtu huyu sijawahi kumshika mkono mbele ya watu, siku hiyo nilimshika, na majirani wanatazama. Nikamwambia, wamekufa wangapi kwa ajili ya kuchuna? Akanitoa mkono taratibu. Akasema, "Yule mtoto nimemfundisha mimi kufunga kamba. Anataka ngozi, atapata ngozi." Akakunja mikono ya shati akachuna peke yake, hakutaka mtu amsaidie kushika mguu.

Nyama hakuna aliyeonja. Elisha alipofika akakuta damu imemwagika zizi zima, akakaa chini kama aliyefiwa. Hakutupeleka kwa mtendaji. Alisema tu Chediel aende zahanati siku hiyohiyo wampe dawa hata kama hajaona kitu. Chediel alisema ndiyo, ndiyo, kesho. Hakwenda.

Jana nikiwa kisimani alimpa Deo gunia. Ndani yake kuna ngozi. Filipo, naandika barua hii mbio ili ipande basi la leo. Usilifungue hilo gunia. Elisha anasema ugonjwa unakaa kwenye ngozi hata ikikauka. Usilifungue, usiliweke unapolala, mwite afisa afya wa hapo alichome moto jinsi lilivyo. Ngozi ni ya maksai wako, sikio liko juu yake, nimeliona mimi. Amini bila kufungua, mara hii moja tu, halafu ukitaka unichukie mpaka uzeeni.

Dada yako,
Selina


Mkiwa,
25 Novemba 2024

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima.

Gunia limefika siku moja kabla ya barua yako. Limefungwa kamba mara nne. Nilikuwa sijaligusa, nina kazi ya trela. Barua ilipokuja na kusema nisifungue, ndipo nikajua lazima nifungue. Nani anamleta shahidi halafu anasema msimuulize kitu? Nilisema moyoni, humu mna ngozi ya ng'ombe wa mtu mwingine, au mna magunia matupu.

Nimefungua. Ni maksai mwekundu. Sikio la kushoto, mikato miwili na tundu, alama yangu. Basi, kwa huyu nimeamini, mwambie shemeji. Lakini dada, sasa ndiyo nina maswali zaidi. Kama huyu aliweza kuchunwa, yule wa kijivu alishindikana nini? Kwa huyo bado.

Ngozi nimeitandika kwenye benchi langu la kazi, nakalia mimi. Nimeishika kwa mikono yote miwili na sijafa, mwambie Elisha.

Mdogo wako,
Filipo


Hospitali ya wilaya,
4 Desemba 2024

Filipo,

Nimekupigia mara sita kwa simu ya Chediel. Inaita, inazimwa. Nimeomba karatasi kwa nesi.

Chediel amelazwa. Kilianza kwenye mkono wa kulia, juu kidogo ya kiwiko, kama ameumwa na mbu. Kikawa lengelenge, likapasuka, katikati pakawa peusi kama kaa la moto lililozimika. Kwa kuwa hakimuumi, akasema si kitu. Nayajua haya yote leo kwa sababu ameniambia daktari. Mimi nilichoona ni mume wangu kuvaa koti mchana wa jua kali.

Nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilimshuku. Wiki nzima nilimtazama na koti lake, hataki nilifue, hataki nilitundike, nikasema kumbe Filipo ana akili kuliko mimi, mtu huyu ana kitu. Alipokwenda kuoga nikapekua mifuko. Nilikuwa natafuta hela ya ng'ombe wako wa kijivu. Nikakuta kitambaa kimelowa majimaji na damu. Nikamfuata bafuni nikavuta lile pazia la gunia, nikamwona mkono. Umevimba mpaka begani.

Wewe ulinipa ugonjwa wako, Filipo, na mimi nikaubeba mpaka ndani ya mifuko ya mume wangu.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Alificha kwa sababu aliogopa watasema kachuna ng'ombe wa karantini, wamshitaki, na jina la mwizi lipate jina lingine la kukaa nalo. Daktari ameniambia kwamba angekuja siku za kwanza dawa ni zilezile za kawaida tu, angerudi nyumbani kwa miguu yake. Sasa uvimbe umefika shingoni na anapumua kwa shida.

Barua yako ya mwisho nimemsomea hapa kitandani. Aliniuliza, "Anasemaje?" Nikasoma mpaka pale penye "nimeamini". Ulipoandika "lakini" nikaishia hapo, nikasema, ameamini kwa ng'ombe wote wawili, na anakupa shikamoo. Siku zote angeyaona macho yangu. Macho yake mwenyewe yamezibwa na uvimbe. Akasema, "Ehee." Akaomba uji, akanywa vijiko vitano.

Kwa hiyo sasa nimemdanganya mgonjwa kwa ajili yako. Inuka kwenye hilo benchi. Angalia mikono yako, angalia mapaja, nenda zahanati leo na uwaambie umeshika nini. Na pokea simu.

Dada yako,
Selina


Kinyangiri,
12 Desemba 2024

Filipo,

Chediel alifariki Ijumaa, saa nne asubuhi. Tumemzika Jumapili. Watu wa afya walisimamia, sikuruhusiwa kumwosha.

Simu yako haikuita tena. Deo anasema barua yangu ya tarehe nne alikupa mkononi. Sijui kama unaumwa, au unanuna, au umesharudi kukaa kwenye ngozi. Nimechoka kubahatisha.

Matanga tunaanua tarehe 21. Leonidas, kaka yake mkubwa, amesikia kwamba marehemu aliitwa mwizi. Hakusikia kwangu, kijiji chote kinajua kwa nini alichuna. Siku hiyo atasimama aulize kama kuna mwenye neno na marehemu, kama ilivyo kawaida. Wote watanigeukia mimi, maana mwenye neno ni mtu wa kwetu. Nikisema hakuna, nitakuwa nimedanganya mara ya pili. Mara ya kwanza nilimdanganya mtu anayekufa. Uongo huu wa pili siwezi.

Sitakuomba. Umejua.

Selina


Mkiwa,
18 Desemba 2024

Dada,

Shikamoo. Nakusalimu nikijua huenda usiitikie. Hii ya juu ni yako, ya chini ni ya kusomwa siku ya matanga. Naomba uisome mwenyewe, na usiruke hata pale ninapoaibika.

Simu ya shemeji ilipoita niliona jina lake. Nilizima. Nilidhani ananipigia kunitukana, nami nilitaka ajue kwamba nimekasirika kuliko yeye. Mara sita, dada. Siku Deo aliponipa barua yako nilikuwa na kidonda kwenye mkono wa kushoto, nikidhani ni moto wa kuchomea pancha, maana huwa naungua kila wiki. Nilisoma mpaka mahali ulipoandika peusi, nikakiangalia, nikaenda. Walinilaza siku nane, simu wakaiweka na nguo zangu. Ninapona. Watu wa afya walikuja kijiweni wakachoma ngozi na benchi lenyewe, wakamwaga dawa chini. Sasa malori yananipita. Mwenye pancha akiniona anaenda mbele kutafuta fundi mwingine, na nyuma yangu wananong'ona kwamba nilikuwa nauza nyama.

Yule mtu wa mnadani amepita tena. Nikamuuliza sikio lilikuwa na alama gani. Akasema sikio hakuliona, aliona ng'ombe wa kijivu tu, kwa mbali, na huenda ilikuwa mwezi kabla ya huo. Akaniuliza kwani vipi.

Mwishoni mwa barua yako ya mwisho umeandika jina tu, bila "dada yako". Nimeona.

*

Shikamoo mzee Leonidas. Shikamooni wazee na akina mama wote mlioketi.

Mimi ni Filipo, ndugu yake Selina. Mmeuliza kama kuna mwenye neno na marehemu Chediel. Ninalo mimi.

Nilimkabidhi ng'ombe wangu miaka kumi na miwili na hakunipotezea hata kamba. Nilimwita mwizi kwa barua, mbele ya mkewe. Nikamdai ngozi ya ng'ombe wa kimeta, naye akanichunia, na ndiyo iliyomuua. Bwana mifugo alikuwa amekataza, na dada yangu alikataza kwa mkono wake. Niliyesema achune ni mimi. Mkitaka kumlaumu mtu, msimlaumu Selina wala Elisha.

Watatu waliobaki wakae palepale zizini kwake. Mimi nitakuja nikipewa ruhusa na daktari, niwachunge, na kila atakayekufa nitamfukia na ngozi yake. Dada akinifungulia mlango nitaingia, asiponifungulia nitalala kwa Paskali.

Mtamba wangu aliliwa na fisi. Maksai mwekundu alikufa kwa kimeta, niliiona ngozi yake. Jike wa kijivu naye alikufa kwa kimeta. Ngozi yake sikuiona, na nasema alikufa.

Mimi niliyelelewa na marehemu,
Filipo